Kijana aliyesoma Msumbiji akihamia Mtwara au Lindi: namna ya kumwendeleza bila kumrudisha nyuma

Kosa kubwa hufanyika wiki ya kwanza. Kijana wa miaka 16 amevuka Ruvuma kutoka Cabo Delgado, amefikia kwa mjomba wake Mtwara mjini, Tandahimba au Kilwa. Kiswahili anakisikia ila kukiandika kunamsumbua, Kiingereza hana. Mlezi kwa nia njema anampeleka shule ya msingi ya jirani, "aanzie hapo kwanza ashike lugha". Anakalishwa darasa la tano pamoja na watoto wa miaka 11. Ikifika Juni ameshaacha, yuko sokoni anasukuma mkokoteni, na watu wanasema hapendi shule. Kumbe kijana huyo alishasoma miaka tisa au kumi, ana alama zake za fizikia na hisabati, ila hakuna aliyekaa naye akazisoma.

Miaka aliyosoma ni mali yake, nayo ndiyo ya kuanzia. Lugha inatibiwa pembeni, tena kwa miezi, siyo kwa kumrudisha madarasa manne.

Kuisoma karatasi ya Kireno

Mwambie atoe kila alichokuja nacho. Cheti cha kumaliza ngazi kwa kawaida kina maneno Certificado de Habilitações juu. Tafuta mambo manne: jina kamili, darasa alilomaliza, mwaka, na alama kwa kila somo. Darasa huandikwa kwa namba na neno classe, mfano 7ª classe, 10ª classe, 12ª classe. Shule ya Msumbiji inakwisha darasa la 12. Zamani msingi ulikuwa hadi darasa la 7. Sheria yao ya elimu ya mwaka 2018 imeufupisha hadi la 6, na sekondari inaanzia la 7. Kwa hiyo vijana wawili wenye karatasi ya darasa la 7, mmoja amemaliza msingi na mwingine ameanza sekondari. Mwaka ulioandikwa kwenye cheti ndio utakaokuambia ni yupi.

Alama ndizo zinazowaponza wengi. Msumbiji husahihisha kwa 20, na kufaulu kunaanzia 10. Mtu wa ofisini aliyezoea asilimia akiona "Matemática 13" anadhani mtoto amepata 13 kwa 100, anasikitika na kurudisha faili. Hiyo ni 13 kati ya 20, alama ya mwanafunzi anayejiweza. Mara nyingi pembeni ya tarakimu kuna maneno, mfano catorze valores, yaani alama kumi na nne. Hayo husaidia tarakimu ikifutika. Ukiwasilisha karatasi mahali popote, sema mapema kwa mdomo kwamba alama ni kwa 20. Usizigeuze mwenyewe kuwa A, B au C, wala usimruhusu mfasiri azigeuze. Kulinganisha alama ni kazi ya Baraza la Mitihani, na tafsiri iliyobadilisha alama hukataliwa.

Usipeleke cheti steshenari kikapigwe laminesheni. Karatasi iliyofunikwa plastiki haipokei muhuri wala saini, na ukiibandua inachanika. Mfuko wa plastiki wa kawaida unatosha.

Kama karatasi zimebaki nyumbani au zimeungua, usikate tamaa haraka. Shule aliyosoma inaweza kutoa nakala mpya, inayoitwa segunda via, na shule ikiwa imefungwa kumbukumbu huulizwa ofisi ya elimu ya wilaya, ambayo kwa kifupi huitwa SDEJT. Ndugu aliyebaki kule ndiye wa kufuatilia. Mtumie jina lililoandikwa vilevile shule ilivyoliandika, jina la baba na mama, mwaka na darasa. Safari mbili tatu za ndugu huyo ni nafuu kuliko miaka miwili ya kuanza upya.

Jina moja, tahajia mbili

Hapa ndipo faili nyingi hukwama, kwa hiyo twende polepole. Majina ya pwani yakipita kwenye kalamu ya Kireno hubadilika sura: Hassani huwa Assane, Muhammadi huwa Momade, Yusufu huwa Issufo, Bakari huwa Bacar, Rashidi huwa Rachide, Saidi huwa Saíde. Mlezi anaandikisha kijana kwa jina wanalomwitia nyumbani, Hassani Bakari, huku cheti kinasema Assane Bacar. Kwa mjomba ni mtu mmoja. Kwenye mfumo wa kompyuta ni watu wawili, na cheti cha wa kwanza hakimsaidii wa pili.

Amua jina moja kabla ya kujaza fomu yoyote ile, na liwe lile lililo kwenye hati ya kuzaliwa au pasipoti, herufi kwa herufi. Cheti cha shule kikitofautiana nalo, nenda kwa wakili au mahakamani ukaandikiwe hati ya kiapo inayosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na uyaandike yote mawili kamili ndani yake. Tazama pia tarehe ya kuzaliwa. Ikiwa shule iliandika 2008 na hati ya kuzaliwa inasema 2009, itajwe kwenye kiapo hichohicho. Toa nakala tano na zote zipigwe muhuri, maana kila ofisi itabaki na yake.

Kuna njia ya mkato ambayo watu huishauri kwa huruma: kumtengenezea kijana cheti cha kuzaliwa kinachosema alizaliwa Mtwara. Usikubali. Cheti cha kuzaliwa kinafuatiliwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kitambulisho cha NIDA kina maswali yake, na Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa. Uongo ulioandikwa akiwa na miaka 16 humfikia akiwa na 21, siku anayoomba mkopo au pasipoti, na wakati huo anayeulizwa ni yeye.

Uraia na kibali

Kama baba au mama ni Mtanzania, na mwenyewe hakuupata uraia wake kwa kurithi, mtoto aliyezaliwa Msumbiji ana haki ya uraia kwa kurithi. Peleka Uhamiaji ushahidi wa uraia wa mzazi pamoja na hati ya kuzaliwa ya mtoto inayomtaja mzazi huyo. Fanya hivyo kabla hajatimiza miaka 18, kwa sababu Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, na uamuzi huo hautakiwi kufanywa kwa pupa.

Kama wazazi wote ni wa Msumbiji, kijana anahitaji pasi ya mwanafunzi. Ruhusa ya kutembelea ndugu haigeuki kuwa ruhusa ya kusoma. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: kwanza barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayomtambua mlezi, pamoja na barua ya wazazi inayomkabidhi ulezi, halafu barua ya shule au chuo inayokubali kumpokea, kisha Uhamiaji. Ukienda Uhamiaji huna barua ya shule, utarudishwa shule. Kwa shule ya serikali, anza kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri yako, maana mkuu wa shule peke yake hana mamlaka ya kumwingiza mwanafunzi wa nchi nyingine.

Tafsiri na ulinganisho

Karatasi za Kireno zinahitaji tafsiri inayotambulika. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, hutafsiri na kuidhinisha tafsiri, na muhuri wake ndio unaopokelewa bila mabishano. Mwalimu anayejua Kireno pale mtaani anaweza kukusaidia kuelewa, lakini tafsiri yake haitapita. Tafsirisha cheti, orodha ya alama na hati ya kuzaliwa kwa pamoja, ili majina na tarehe zifanane kotekote.

Kisha ombi la ulinganisho liende Baraza la Mitihani, yaani NECTA. Huanzwa mtandaoni: unajaza taarifa, unapandisha nakala za cheti halisi na tafsiri yake, unapewa kontroo namba, unalipa. Skani karatasi nzima, mbele na nyuma, pembe zote nne zionekane. Picha ya simu iliyokatwa muhuri hukurudisha mwanzo. Majibu yakitoka, kijana anapata namba ya ulinganisho inayoanza na herufi EQ. Itunzeni. Akiomba chuo, pale fomu inapotaka namba ya mtihani wa kidato cha nne ataandika hiyo.

Msipoteze muda mkisubiri ulinganisho huku kijana amekaa bure. Masomo ya lugha yaanze siku faili linapotumwa.

Aingilie wapi?

Aliyeishia chini ya darasa la 6, na ana miaka 14 hadi 18, atafutiwe darasa la MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa. Huko husoma na wa rika lake na mtaala umefupishwa. Ni tofauti kabisa na kumkalisha na watoto wa darasa la tano.

Aliyefika kati ya la 7 na la 9 ana njia mbili za kweli. Ya kwanza ni sekondari ya kawaida, na hapa kuna mtego usioonekana. Mwanafunzi wa shule husajiliwa kwa kidato cha nne akiwa na upimaji wa kidato cha pili. Mkuu wa shule binafsi anaweza kumwonea huruma akampa nafasi kidato cha tatu. Baadaye, usajili wa NECTA wa kidato cha nne unapofika, hana namba ya kidato cha pili na hasajiliki. Kwa hiyo aingie kidato cha kwanza au cha pili, na siku ya kwanza muulize mkuu wa shule maswali mawili: namba yake ya PREM, ile ya utambulisho wa mwanafunzi, itaombwa lini, na atasajiliwaje kwa upimaji wa kidato cha pili bila matokeo ya darasa la saba ya Tanzania? Mkuu asiyeweza kujibu la pili, mpe nafasi aulize kwa afisa elimu kabla hujalipa ada.

Njia ya pili humfaa zaidi kijana wa miaka 17 na kuendelea: elimu nje ya shule, kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima au kituo kilichosajiliwa. Anasoma vidato vinne kwa miaka miwili. Mwaka wa kwanza anafanya Mtihani wa Maarifa, ule watu wanaouita QT, na akifaulu, mwaka unaofuata anafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hiyo mitihani miwili haifanywi mwaka mmoja. Usajili hufunguliwa Januari 1 na kufungwa mwisho wa Februari. Machi ni kwa faini. Ada ya NECTA imekuwa shilingi 30,000 kwa Maarifa na 50,000 kwa kidato cha nne, mbali na ada ya kituo.

Aliyemaliza la 10 asiguswe mpaka ulinganisho utoke. Akipewa matokeo yanayolingana na kidato cha nne, milango ya vyuo inafunguka. Astashahada ya vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, huhitaji ufaulu wa masomo manne kuanzia D, bila kuhesabu masomo ya dini. Vyuo vya afya vya kada za uuguzi na utabibu hutaka D za Fizikia, Kemia na Biolojia humo ndani; kijana aliyesoma mkondo wa sayansi kule asiogope kuomba. Karibu hapa pana chuo cha kilimo cha MATI Mtwara, pana vyuo vya afya Mtwara na Ndanda, na tawi la Taasisi ya Uhasibu Mtwara mjini. Kidato cha tano kwa njia ya serikali ni kigumu kwake: wanaochaguliwa hujaza machaguo yao wakiwa shuleni kidato cha nne, na yeye hayumo kwenye orodha hiyo. Anayekitaka aende shule binafsi, akiwa na angalau C tatu.

Wa la 12 huambiwa na kila mtu kwamba yeye ni "kidato cha sita". Asiamini mpaka aone barua. Msumbiji husoma miaka 12, Tanzania kidato cha sita kimekuwa mwaka wa 13, na NECTA ndiyo inayosema anasimama wapi. Akikosa kufikishwa huko, stashahada ya miaka mitatu kuanzia astashahada inamfikisha chuo kikuu akiwa ameshika ufundi wa kazi mkononi. Kwa mtazamo wetu hiyo ni njia bora kuliko kurudia kidato cha tano na sita kwa Kiingereza kisichotosha. Chuo Kikuu Huria kina vituo Mtwara na Lindi, na chuo kikuu kishiriki cha Stella Maris kiko Mtwara mjini kwa atakayefikia sifa.

VETA na vyuo vya maendeleo ya wananchi

Mlezi asiione VETA kama mahali pa walioshindwa. Kwa kijana wa Kireno ina faida ambayo sekondari haina: karakana huongea Kiswahili, na kijana anayeweza kuona mkono wa mwalimu kwenye mashine ya kuchomelea anajifunza hata kabla neno halijamwingia. VETA ipo Mtwara na Lindi. Mafunzo marefu yana ngazi tatu, kila moja mwaka mmoja, na masomo huanza Januari. Fomu hutoka miezi michache kabla, na huweza kuwapo mtihani wa kupimwa. Ada imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, lakini mwenye hesabu nzuri hupanga mara tatu yake, maana kuna ovaroli, viatu vya usalama, vifaa vya fani na nauli.

Aliyejifunza ufundi kwa fundi kule Pemba ya Msumbiji au Montepuez, akawa tayari anafunga umeme au anashona, aulizie VETA urasimishaji wa ujuzi. Hupimwa kwa kazi anayoifanya, hujazwa mapengo kwa mafunzo mafupi, na hupewa cheti. Aende na picha za kazi zake na barua ya aliyemfundisha.

Vyuo vya maendeleo ya wananchi, kama Mtawanya, Masasi, Chilala na Kilwa Masoko, huchukua pia wasio na cheti kabisa. Kwa binti aliyejifungua njiani hivi ndivyo vya kumpeleka kwanza. Vimekuwa na mpango wa kusomesha mama vijana, na vipo vinavyopokea mtoto pia. Sekondari nayo imefunguliwa kwake tangu Novemba 2021, serikali iliporuhusu waliopata ujauzito warudi darasani.

Kiingereza kwa kupitia Kireno

Kuanzia kidato cha kwanza masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Walezi humfundisha kijana kana kwamba hana chochote, wakati Kireno chake kimejaa maneno ya sayansi yanayofanana na ya Kiingereza. Mpe daftari la kurasa 96, achore safu tatu: Kireno, Kiingereza, Kiswahili. Aanze na miisho. Maneno ya Kireno yanayoishia -dade kwa kawaida huishia -ty kwa Kiingereza: velocidade ni velocity, kasi; densidade ni density, msongamano; humidade ni humidity, unyevu. Yanayoishia -ção huishia -tion: população ni population, idadi ya watu, equação ni equation, mlinganyo. Kwa jioni moja anapata maneno 30 ambayo mwenzake aliyekulia Mikindani atayakariri mwezi mzima. Fotossíntese haihitaji hata kuelezwa.

Aandike kwa kalamu nyekundu yale yanayodanganya. Livraria ni duka la vitabu, ila library ya Kiingereza ni maktaba. Pretender ni kukusudia, ila pretend ni kujifanya. Na kwenye kemia, azoto ni nitrojeni.

Hesabu ina mtego wa nukta na mkato. Kireno huandika 3,5 pale sisi tunapoandika 3.5, na nukta huweza kutenganisha maelfu. Kijana anayeandika 2.500 akimaanisha elfu mbili na mia tano, mwalimu wake anasoma mbili na nusu na kumpiga mkasi. Mwambie mwalimu wa hisabati wiki ya kwanza, na mpe kijana mazoezi 20 ya kuandika namba kwa mtindo wa hapa mpaka mkono uzoee.

Dakika 90 kwa siku zinatosha, siku sita kwa wiki, kwa miezi mitatu: 30 za msamiati, 30 za kusoma kwa sauti kitabu cha kidato cha kwanza cha Biolojia au Jiografia, 30 za kuandika sentensi zake mwenyewe. Vitabu vya kiada viko bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Asome kurasa zile za somo alilolimudu kwa Kireno, ili kichwa kishughulike na lugha tu. Historia ndiyo ya kuanza nayo kwa mgeni asiyejiamini: alifundishwa kwamba FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, iliundwa Juni 25, 1962, na hapa atakuta iliundwa Dar es Salaam, wapiganaji wake wakafunzwa Nachingwea. Mwalimu akimpa nafasi aeleze hilo mbele ya darasa, wenzake watamsikiliza kwa namna nyingine.

Kireno chenyewe asikiache. Bandari ya Mtwara, wafanyabiashara wa mpakani, ofisi za forodha, zote zina haja na mtu anayekisoma na kukiandika vizuri.

Kupanga na msimu wa korosho

Fedha za kusini huja na minada ya korosho, kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka, na huisha kabla ya masika. VETA huanza Januari, usajili wa mtahiniwa wa kujitegemea ni Januari na Februari, kwa hiyo njia hizo mbili zinaendana na mfuko wa mkulima. Vyuo vya NACTVET huanza Septemba hadi Oktoba, wakati ghala bado halijalipa. Anayekusudia huko atenge ada tangu malipo ya msimu uliotangulia.

Aliyemaliza darasa kule Novemba na kuvuka Desemba, fedha za kwanza ziende kwenye tafsiri, kiapo na ulinganisho, wiki ileile. Sare na begi vinaweza kusubiri Januari, lakini fomu za VETA pengine zimeshafungwa wakati huo. Basi miezi ya kungoja mwaka unaofuata ijazwe na Mtihani wa Maarifa, ambao usajili wake bado uko wazi hadi Februari.